Mchanga Unaotunza Maji: Kisa cha Matuta ya Shela, Kisiwani Lamu

Kisiwa cha Lamu hakina mto wala ziwa, na mvua yake huja kwa misimu ambayo haitegemeki kama zamani. Hata hivyo mji wake, ambao Shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, umeishi karne nyingi kwa kunywa maji yaliyo chini ya ardhi ya kisiwa chenyewe. Leo sehemu kubwa ya maji yanayosukumwa hadi mjini hutoka upande wa Shela, kijiji kilicho kilomita tatu hivi kusini mashariki mwa mji, ambako nyuma ya nyumba za mwisho huanza milima ya mchanga inayofuata ufuo wa kusini kwa takriban kilomita 12 kuelekea Kipungani, kijiji cha upande wa magharibi wa kisiwa. Mgeni anayeitazama milima hiyo huona jangwa dogo lililotupwa kando ya bahari. Mwenyeji anayejua visima vyake hujua kwamba lile ndilo tangi la kisiwa.

Katika miaka ya karibuni mazungumzo ya kutumia maumbile ili kuvisaidia visiwa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi yamejikita katika kupanda, na hasa kupanda mikoko. Lamu yenyewe ina haki ya kujivunia mikoko, kwa kuwa zaidi ya asilimia 60 ya misitu yote ya mikoko ya Kenya imo katika kaunti hii, na kina mama wa Mtangawanda katika kisiwa cha Pate wamefanya kazi ya kuheshimika ya kuirejesha ile iliyokatwa. Lakini kisa cha Shela ni cha namna nyingine. Hapa hakuna cha kupanda ambacho kitaleta sifa, hakuna miche ya kuhesabu mbele ya wafadhili, na kipimo cha mafanikio ni kwamba mahali pamebaki kama palivyokuwa. Naamini hiyo ndiyo sababu kisa hiki hakisimuliwi sana, na ndiyo sababu kinastahili kuchambuliwa kwa utulivu: kinaonyesha kwamba katika baadhi ya visiwa kukabiliana na tabianchi ni suala la nani anaruhusiwa kujenga wapi, na kuteka maji kiasi gani, kabla halijawa suala la mradi wowote.

Tuanze na jinsi mchanga unavyotunza maji, maana bila kuelewa hilo mabishano yote ya ardhi huonekana kama ugomvi wa viwanja tu. Mchanga wa matuta ni chembe zenye nafasi nyingi kati yake. Mvua ya masika inapoupiga, haitiririki kuelekea baharini kama inavyofanya juu ya udongo mzito au juu ya barabara ya saruji. Hupotea papo hapo ndani ya mchanga na kuanza kushuka. Kwa kuwa uso wa tuta umefunikwa na mimea michache tu inayotambaa, na kwa kuwa tabaka la juu la mchanga hukauka upesi na kuyakinga yaliyo chini dhidi ya jua, sehemu kubwa ya maji hayo huokoka. Yanapofika chini hukutana na maji ya bahari, ambayo yamepenya kisiwa kutoka pande zote. Maji matamu ni mepesi kidogo kuliko maji ya bahari, kwa hiyo huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi, isipokuwa kwamba mpaka wao si mstari mmoja bali ni tabaka la maji ya chumvichumvi linalopanda na kushuka kufuata misimu, bamvua (yaani maji makubwa ya bahari) na kazi ya pampu.

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Mholanzi Badon Ghijben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa wakati wake, waligundua hesabu ya mpaka huo walipochunguza maji ya chini ya ardhi ya pwani na visiwa vya Bahari ya Kaskazini. Hesabu yenyewe ni rahisi na inatisha. Kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Uzuri wake ni kwamba kima kidogo cha maji juu hubeba akiba kubwa chini. Hatari yake ni kwamba kanuni hiyo hufanya kazi pia kinyume: ukishusha kima cha maji kwa nusu mita na kukiacha hivyo, mpaka wa chumvi chini yake unaweza hatimaye kupanda kwa mita 20. Pampu moja yenye nguvu iliyowekwa mahali pamoja huvuta chumvi kutoka chini kwa namna ya mnara unaochongoka kuelekea kwenye kisima, na kisima kikishaingia chumvi hakirudi kuwa kitamu kwa kuzimwa kwa siku mbili tatu. Visima vingi vifupi vilivyotawanyika, ambavyo kila kimoja hutekwa kidogo, hutoa maji mengi kwa jumla bila kuuamsha mpaka ule. Ndiyo maana utaratibu wa visima vifupi vya Shela, ambao huweza kudhaniwa kuwa ni wa kizamani, una busara ya kisayansi ndani yake, na yeyote anayependekeza kuubadilisha kwa visima virefu vya mashine anapaswa kwanza kuijibu hesabu hii.

Ni vyema kukadiria ukubwa wa akiba inayozungumziwa. Tuchukue eneo la kilomita moja ya mraba ya mchanga na mvua ya milimita 900 kwa mwaka, ambayo haiko mbali na wastani wa Lamu. Eneo hilo hupokea lita milioni 900. Tukichukulia, kwa mfano tu, kwamba theluthi moja hushuka hadi kwenye maji ya chini, hizo ni lita milioni 300 kwa mwaka, ambazo zingempa mtu mmoja mmoja lita 50 kwa siku kwa watu zaidi ya 16,000. Lakini si zote zinaweza kutekwa. Sehemu ya maji hayo lazima iachwe itiririke polepole kuelekea baharini, kwa sababu msukumo wake ndio unaoizuia bahari kuingia. Maji yanayoonekana kupotea ufuoni ndiyo yanayolinda yanayobaki, na kila mpango wa maji wa kisiwa unaoyahesabu kama hasara umeanza vibaya.

Mji wa Lamu ulikuwa na visima vyake vya ndani. Nyumba nyingi za mawe za mji wa kale zilijengwa pamoja na kisima na birika, na misikiti vivyo hivyo. Tatizo ni kwamba nyumba hizo zimebanana, vyoo vya mashimo viko hatua chache tu kutoka visimani, na mitaro ya wazi hupita katika vichochoro ambamo watu na punda hupishana. Kadiri mji ulivyokua, visima vya ndani vikawa vya kufulia na kuoshea zaidi kuliko vya kunywa. Uzito wa mahitaji ukahamia Shela. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba mji una visima vya kutosha hata matuta yakipotea hajauona mji kwa jicho la mpishi wala la mama mwenye mtoto mchanga.

Iwapo kuna anayetaka kujua kisiwa cha ukanda huu huwaje kikikosa maji matamu, jibu liko ng'ambo ya mkondo, kisiwani Manda. Magofu ya Takwa ni ya mji uliostawi kati ya karne ya 15 na ya 17, wenye msikiti wake mkubwa wa Ijumaa na ukuta wa kuuzunguka, na ukahamwa. Miongoni mwa sababu zinazotajwa na watafiti ni visima kuingia chumvi, pamoja na uhasama na Pate. Wakazi wake, kwa mujibu wa mapokeo, walivuka wakaja kuishi Shela, yaani walifuata maji. Hadi zama zetu watu wa Shela wamekuwa wakienda Takwa kuzuru kaburi la mnara lililoko huko na kuomba mvua. Siitaji ziara hiyo kama pambo la simulizi. Ni ushahidi kwamba jamii hii imebeba kwa karne kadhaa kumbukumbu ya mji uliokauka, na kwamba inajua uhusiano wa mvua, kisima na kuhama kuliko inavyodhaniwa na wataalamu wanaokuja kuwafundisha maana ya tabianchi.

Sasa tuyatazame mabadiliko ya tabianchi yenyewe, ambayo yanaijia Shela kwa njia tatu tofauti, na matuta yanafanya kazi tofauti dhidi ya kila moja.

Njia ya kwanza ni mvua. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 Pembe ya Afrika ilipitia misimu mitano mfululizo ya mvua duni, na Lamu ilikuwa miongoni mwa kaunti za Kenya zilizoumia. Kisha vuli ya 2023 ikaja na mvua kubwa za El Niño zilizofurisha sehemu nyingi za nchi. Huo ndio mwendo unaotarajiwa kuzidi: kiangazi kirefu, halafu maji mengi kwa muda mfupi. Tangi la nyumbani hujaa kwa mvua ya kwanza na zinazofuata humwagika. Barabara na paa hazihifadhi kitu. Tuta la mchanga, kinyume chake, hupokea mvua kubwa bila kufurika, likaitunza chini kwa miezi mingi na kuitoa taratibu. Hakuna tangi la saruji ambalo kaunti inaweza kumudu kulijenga lenye uwezo huo wa kuunganisha mwaka wa mvua na mwaka wa ukame.

Njia ya pili ni kupanda kwa bahari. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, limeeleza kwamba usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kwamba kati ya 2006 na 2018 kasi ilifika milimita 3.7 kwa mwaka. Hapa kuna jambo ambalo nadhani halijapewa uzito unaostahili katika mjadala wa Lamu. Bahari inapopanda, maji matamu yanayoelea juu yake nayo hunyanyuka, na akiba huweza kubaki karibu vilevile ilivyokuwa, almradi kuna nafasi ya kunyanyukia. Katika visiwa vya matumbawe vilivyo chini sana, kama vile vingi vya Maldivi na vya Pasifiki, nafasi hiyo haipo: maji yakinyanyuka hufika juu ya ardhi, yakatuama na kukauka kwa jua au kumwagika baharini, na akiba hupungua mwaka hadi mwaka. Matuta ya Shela ni marefu. Urefu ule ambao mwenye kuuza kiwanja huuita mandhari ya kutazama bahari ndio nafasi ya akiba ya maji kupanda pamoja na bahari katika miaka 50 au 100 ijayo. Kila lori la mchanga linalobebwa kwa ujenzi na kila kilima kinachosawazishwa kwa ajili ya msingi wa nyumba ni sehemu ya nafasi hiyo iliyoondolewa, na upepo wa kusi hauirudishi kwa wakati wa kizazi kimoja.

Njia ya tatu ni mawimbi ya dhoruba. Bahari haihitaji kupanda moja kwa moja ili kuharibu maji ya kisiwa. Siku moja ya mawimbi yanayoruka ufuo na kumwagika bara inatosha. Mwaka 2005 kimbunga kiitwacho Percy kilipokisukumia bahari kisiwa cha Pukapuka, katika Visiwa vya Cook, chumvi iliyozama kutoka juu iliyaharibu maji ya chini ya ardhi, na ilichukua karibu mwaka mzima kabla ya maji hayo kunyweka tena. Lamu iko karibu mno na ikweta, hivyo si mahali pa vimbunga vya mara kwa mara, lakini bamvua kubwa likikutana na upepo mkali wa kusi hupanda juu sana, na kadiri usawa wa bahari unavyopanda ndivyo mawimbi ya kawaida yatakavyofika mahali ambapo zamani yalifika mara moja katika kizazi. Safu ya mbele ya matuta ndiyo inayoyasimamisha. Inafanya hivyo kwa kutoa mchanga wake: wimbi huumega mguu wa tuta, mchanga ukaenda ufuoni na kulipunguza makali wimbi linalofuata, kisha misimu ya utulivu ikaurudisha. Ufuo na tuta ni kitu kimoja kinachokopeshana. Ukuta wa mawe uliojengwa kati yake ili kuilinda bustani ya hoteli huukata mkopo huo. Ufuo ulio mbele ya ukuta huliwa, na tuta lililo nyuma yake hukosa mchanga wa kujijenga upya.

Mtu mwenye nia njema akisikia haya huuliza: basi kwa nini tusipande miti juu ya matuta ili kuyaimarisha? Swali hili linahitaji jibu makini, kwa kuwa mivinje imepandwa katika fuo nyingi za Afrika Mashariki kwa sababu hiyo hiyo. Mti mkubwa wenye mizizi mirefu huteka maji ya chini mchana kutwa, mwaka mzima, na kuyarudisha hewani kupitia majani. Msitu wa miti yenye kiu juu ya akiba ndogo ya maji ni sawa na kuongeza visima vingi visivyofungwa kamwe. Kinachofaa juu ya mchanga wa Shela ni mimea ya pale pale: mitambaazi na nyasi za ufuoni zinazoushika mchanga usiruke wote, na vichaka vifupi katika mabonde kati ya tuta na tuta. Mimea hiyo hujiotea yenyewe iwapo haikanyagwi na watu, haichomwi na haiondolewi. Kuirejesha pale ilipoharibiwa ni kazi ya kuweka njia maalumu za kupita, kuzuia magari na pikipiki na kusubiri. Ni kazi isiyo na sherehe, lakini ndiyo inayohitajika.

Mwaka 2002 serikali ya Kenya iliyatangaza matuta ya Shela kuwa eneo linalolindwa, kwa kutumia sheria ya wakati huo ya mambo ya kale na majengo ya kihistoria, ambayo nafasi yake baadaye ilichukuliwa na Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006. Tangazo hilo lilikuwa la maana kubwa, kwa kuwa liliunganisha uhai wa mji wa kale na maji yanayouwezesha kuishi. Turathi isiyo na maji ya kunywa ni magofu, na Takwa ipo kulithibitisha hilo. Hata hivyo tangazo halikukomesha uvamizi. Utalii ulipostawi, Shela ikageuka kuwa mahali pa nyumba za kifahari za wageni na za Wakenya wenye uwezo, bei ya ardhi ikapaa, na madai ya umiliki yakaanza kupanda mlimani pamoja nayo. Hatimiliki na mipaka vimekuwa vikizozaniwa kwa miaka mingi, na ripoti zinazopelekwa UNESCO kuhusu hali ya mji zimeutaja uvamizi wa matuta mara kwa mara kama tishio.

Kwa nini ulinzi ulioandikwa rasmi haukutosha? Jibu langu ni kwamba jambo moja, yaani maji, limegawanywa vipande na kupewa wakubwa wengi. Makavazi ya Kitaifa yana dhamana ya turathi. Mamlaka ya Rasilimali za Maji hutoa vibali vya kuchimba visima na kuteka maji. Kampuni ya maji ina jukumu la kusambaza. Serikali ya kaunti huidhinisha ramani za majengo. Tume ya Kitaifa ya Ardhi husimamia ardhi ya umma, na mamlaka ya mazingira, NEMA, hupitia tathmini za athari za kila mradi. Kila chombo kinaweza kutimiza wajibu wake kwa uaminifu na bado tuta likapotea, maana mwombaji wa kibali haombi kuliharibu tuta. Anaomba nyumba moja, kisima kimoja, njia moja ya gari. Tathmini ya nyumba moja huonyesha kwamba athari yake ni ndogo, na ni kweli kwamba ni ndogo. Hesabu inayokosekana ni ya jumla: nyumba zote pamoja, makaro yao ya maji taka yanayovujia katika mchanga ule ule unaopitisha mvua bila kuchelewa, na pampu zao zote zinazonguruma mwishoni mwa kaskazi, wakati akiba iko chini kabisa na wageni ndio wamejaa.

Hapa nataka kuwa mwadilifu kwa watu wa Shela wenyewe. Si kila anayedai ardhi upande ule ni mnyakuzi. Zipo familia ambazo zimetumia pembezoni mwa matuta kwa vizazi, kwa minazi na mifugo, na ambazo ziliona mipaka ikichorwa ofisini bila kuulizwa, kisha zikaona wengine wenye nguvu zaidi wakipata kile walichokatazwa wao. Ulinzi unaomzuia mwenyeji na kushindwa kumzuia mgeni tajiri hauwezi kuungwa mkono na kijiji, na bila kijiji hakuna askari wa kutosha wa kuulinda mchanga wa kilomita 12. Kwa maoni yangu njia ya haki ni kwamba mji unaokunywa maji ya Shela uilipe Shela kwa kuyatunza. Sehemu ndogo ya ada ya maji inayokusanywa mjini, na sehemu kubwa kidogo ya ada ya mahoteli, ikiwekwa katika mfuko wa kijiji kwa ajili ya walinzi, njia za kupita na shule, itageuza tuta kutoka ardhi iliyokatazwa kuwa mali inayozalisha.

Kuna wanaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa teknolojia ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari ipo. Ni kweli kwamba ipo, na kaunti hii inaifahamu: huko Kiunga, kwenye pwani ya kaskazini ya Lamu, mtambo unaotumia nguvu za jua ulianza kazi mwaka 2018 na umewasaidia watu waliokuwa wakinywa maji mabaya. Mahali pasipo na akiba ya maji matamu, mtambo wa namna hiyo ni baraka. Lakini unahitaji vichujio vinavyobadilishwa, betri, mafundi na vipuri vinavyosafiri mbali, na huzalisha maji ya chumvi kali ambayo lazima yatupwe mahali. Kuuacha mfumo unaochuja na kuhifadhi maji bila malipo uharibike, kisha kununua mashine ya kufanya kazi ile ile, ni kuchagua gharama ya kudumu kwa ajili ya faida ya viwanja vichache. Afadhali mtambo uwe msaidizi wa miaka ya ukame mkali, ili pampu za Shela zipumzishwe, na tuta libaki kuwa mhimili.

Vilevile ni lazima kukiri kwamba tuta lina kikomo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima, na bandari mpya ya Lamu upande wa bara, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, imekusudiwa kuvuta watu wengi zaidi. Matuta ya Shela hayawezi kuwa chanzo cha ukuaji huo, na haifai yaombwe. Visiwa jirani vya Lamu Mashariki vina utamaduni wa majabia, yaani sakafu kubwa zilizosakafiwa kwa ajili ya kukinga mvua na kuielekeza kwenye birika la jamii, na mji wa Lamu una maelfu ya mita za mapaa ambayo mvua yake huishia mtaroni. Kila lita inayokingwa kwenye paa wakati wa masika ni lita ambayo haitekwi Shela wakati wa kaskazi. Kurekebisha mabomba yanayovuja kuna thawabu hiyo hiyo.

Jiji la Amsterdam limeshaipitia njia hii yote, na mwendo wake unafaa kusomwa na yeyote anayeamua mambo ya Lamu. Mwaka 1853 lilianza kuleta maji ya kunywa kutoka matuta ya mchanga ya pwani ya Uholanzi. Maji yalikuwa mazuri, mji ukakua, pampu zikaongezwa, na katika karne ya 20 chumvi ikaanza kupanda kutoka chini. Waholanzi hawakuyatelekeza matuta wala kuyauza. Kuanzia 1957 walileta maji ya mto Rhine yaliyosafishwa kwa awali na kuyaachia yazame mchangani, ili akiba ijazwe na chumvi irudi chini, na eneo lile hadi leo ni hifadhi ambayo ujenzi umezuiwa. Lamu haina Rhine. Ikiivuka mipaka ya akiba yake hakutakuwa na mto wa kuijaza tena, na kwa hiyo inapaswa kuwa na uangalifu kuliko Amsterdam ilivyokuwa, na mapema zaidi.

Uangalifu huo unaanza na vipimo. Kinachohitajika si mashine za ajabu: ni utepe wa kupimia kina cha maji, kifaa kidogo cha kupimia chumvi, visima vichache visivyotekwa ambavyo vitatumika kuangalia tu, na daftari linalojazwa kila mwezi na vijana wa Shela waliofunzwa kazi hiyo na kulipwa. Takwimu zibandikwe hadharani, ofisini kwa kampuni ya maji na katika baraza za kijiji, ili mwenye hoteli, mwenye punda na mwenye kibali wote waone kitu kimoja. Kutokana nazo iwekwe kanuni inayofahamika kabla ya ukame kufika: chumvi ikifika kiwango fulani katika kisima fulani, pampu yake inasimama, na maji ya bustani na ya mabwawa ya kuogelea yanakatwa kwanza kabla ya mfereji wa mtaani kuguswa. Vibali vipya vya visima binafsi juu ya matuta visitolewe hadi hesabu ya jumla ikamilike. Wakati unaofaa kuanza kupima ni mwisho wa kaskazi, kabla masika hayajaingia, kwa sababu hapo kima cha maji kiko chini kuliko wakati wowote wa mwaka na chumvi iko karibu zaidi na pampu. Kipimo cha wakati huo ndicho kitakachoonyesha Shela inaweza kutoa kiasi gani bila kuathirika.